Tembe la Kwihara na Wenyewe

Ukitoka Ng'ambo hapa Tabora na kushika njia ya kusini-magharibi, unapita mashamba ya mahindi na karanga, unapita miembe mikubwa ambayo wazee husema ilipandwa na watu wa misafara, na baada ya kilomita chache unafika Kwihara. Hapo pana nyumba ya udongo yenye kuta nene, paa bapa, na mlango wa mbao uliochongwa nakshi za pwani. Nyumba ya namna hii huitwa tembe. Leo ni makumbusho, na watu wengi huijua kwa jina la Tembe la Livingstone.

Jumamosi moja tuliwapeleka huko watoto wa darasa la kipaimara. Tulikuwa tumemaliza kusoma amri ya saba na ya nane, nasi tuliona si vibaya watoto wapumzike na Katekisimu, waone historia ya mji wao. Tulipokuwa tumesimama uani, binti mmoja akauliza, "Mchungaji, Livingstone aliijenga lini nyumba hii?" Tukamjibu kwamba hakuijenga. Akauliza, "Basi aliinunua?" Tukasema hapana, alikaribishwa tu, akakaa miezi sita. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa kwa nini inaitwa yake? Mwenye nyumba ni nani?"

Siku ile tulimjibu kwa maneno machache ya kupitisha wakati. Lakini swali lake lilirudi nasi Ng'ambo, likakaa nasi siku nyingi, kwa sababu tuliona kwamba kulijibu vizuri ni kazi ya imani na si kazi ya historia peke yake. Makala haya ni jibu letu kwake, na kwenu washarika mnaoishi karibu na nyumba hiyo.

Kwanza, tusiwashangae waliolipa tembe jina la mgeni. Sisi Walutheri tunayo nyumba kama hiyo. Ngome ya Wartburg huko Ujerumani ilijengwa karne nyingi kabla ya Martin Luther kuzaliwa, na watawala wengi waliishi ndani yake. Luther alifichwa humo kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522, miezi kumi tu, akalitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Leo Mkristo akisikia Wartburg hamkumbuki mtawala hata mmoja, anamkumbuka mgeni. Kuna haki fulani katika jambo hili, maana nyumba hukumbukwa kwa jambo kubwa lililotendeka ndani yake. Lakini kuna hatari pia. Mgeni mwema akiisha kuipa nyumba jina lake, tunaacha kuuliza nyumba ilijengwa kwa mali gani, na kwa mikono ya nani.

Tembe la Kwihara lilijengwa mwaka 1857, siku za biashara ya misafara. Nchi ilikuwa ya Unyanyembe, chini ya mtemi wa Wanyamwezi, na hakuna mfanyabiashara aliyejenga hapa pasipo ruhusa yake. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha kufanya makao yao mahali palipoitwa Kaze, panapojulikana leo kama Tabora. Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 za safari kutoka pwani, walipokewa na Sheikh Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi, aliyewapa nyumba na chakula na kuwafundisha mengi juu ya nchi hii. Alikuwapo pia Musa Mzuri, Mhindi, tajiri mkubwa wa pembe za ndovu. Kwa hiyo mji wetu tangu mwanzo ulikuwa wa watu wa asili nyingi, na kwa wageni waliotoka mbali ulikuwa mji wa ukarimu.

Lakini ukarimu ule ulikuwa na gharama, na wengine ndio walioilipa. Tuitazame biashara yenyewe jinsi ilivyokwenda. Msafara ulitoka Bagamoyo na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Ulipita nchi ya Wagogo ukilipa hongo kwa kila mtemi. Neno hilo siku zile lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, nasi leo tumelibakiza kwa maana mbaya zaidi. Miezi mitatu au zaidi baadaye msafara uliingia Unyanyembe. Kutoka hapa njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema, nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Zilirudi pembe za ndovu, na pamoja nazo zilirudi nyororo za watu.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi huru. Hii ni sifa yao na tusiisahau. Mababu walikwenda pwani na pembe zao wenyewe kabla Mwarabu hajakanyaga Unyanyembe. Mpagazi alibeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akalipwa ujira wake, akagoma alipodhulumiwa, akarudi nyumbani na heshima ya mtu aliyeiona bahari. Kijana ambaye hajakwenda pwani alionekana bado mtoto. Tunasema haya kwa sababu wako wanaodhani kwamba kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Sivyo.

Hata hivyo tukisema hilo ni lazima tuseme na la pili. Wakati vijana wa Unyanyembe walipokwenda pwani, mashamba yao yalilimwa na nani? Mara nyingi yalilimwa na watu walionunuliwa. Pembe za ndovu zilimpa Mnyamwezi mali, na sehemu ya mali hiyo aliitumia kununua watu kutoka Manyema na kwingine, wengi wao wanawake na watoto. Matembe ya matajiri nayo yalijaa watumishi wasio na ujira, waliotwanga, waliochota maji, waliolima mpunga, na waliotengeneza paa la udongo kila mvua ilipolibomoa. Mtu akisema "Waarabu ndio waliofanya utumwa Tabora," amesema kweli nusu, na kweli nusu inayomtia hatiani jirani na kumwacha msemaji msafi ni ushuhuda wa uongo. Amri ya nane inatukataza.

Wala watu wa mbali hawakuwa safi. Pembe zilizotoka hapa zilikwenda Zanzibar, kisha Ulaya na Marekani, zikawa vibao vya piano, vitana, na mipira ya mchezo wa biliadi. Piano nyingine, hatuna shaka, zilipigwa katika nyumba za Wakristo wacha Mungu. Na kile kitambaa cheupe kilichopendwa kuliko vyote hapa, ambacho mababu walikiita merikani, kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts. Pamba yake, hadi vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865, ilichumwa na watumwa weusi wa kusini ya nchi ile. Fikirini jambo hili, ndugu zangu. Mwafrika mtumwa huko ng'ambo ya bahari alichuma pamba, na kitambaa chake kikaja kumnunua Mwafrika mwingine huku.

Utajiri wa namna hiyo haukukaa kwa amani. Mtemi Fundikira alikufa mwaka 1858. Mrithi wake, Mnywa Sele, alitaka wafanyabiashara wamlipe ushuru. Wakakataa, wakapigana naye, wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Sheikh Snay bin Amir, yule mwenyeji mkarimu, aliuawa katika vita hivyo mwaka 1861. Mnywa Sele mwenyewe alitangatanga miaka kadhaa, kisha akakamatwa na kuuawa mwaka 1865. Hapo unaona kwamba mwenye nchi aliondolewa na mgeni, na mgeni naye hakudumu.

Mwaka 1871 nyumba ya Kwihara ilipata mgeni mpya. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika tarehe 23 Juni akimtafuta Dk. David Livingstone, ambaye habari zake zilikuwa zimepotea. Liwali wa Sultani wa Zanzibar, Said bin Salim, ndiye aliyempa nyumba hii akae. Wakati huo Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Stanley akaungana na Waarabu kwenda kumpiga, na wakashindwa vibaya. Mwezi Agosti Mirambo akaishambulia Tabora yenyewe, akachoma nyumba nyingi, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakuu wa Waarabu, akauawa pamoja na vijana wake. Huku Kwihara Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe, akapandisha bendera ya Marekani, akangoja. Mirambo hakuja.

Katika siku hizo hizo za Kwihara, Stanley alipewa zawadi na mfanyabiashara mmoja Mwarabu. Zawadi yenyewe ilikuwa mtoto wa kiume, mtumwa. Jina lake aliitwa Ndugu M'hali, jina ambalo Stanley alilifasiri kuwa mali ya ndugu. Stanley hakulipenda jina hilo, akamwita Kalulu. Mtoto huyo alimfuata Stanley hadi Ulaya na Marekani, akapigwa picha, akaandikiwa kitabu, kisha akazama katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877. Sisi tulipowasimulia watoto wa kipaimara habari hizi pale uani, walitulia kuliko walivyotulia kanisani. Kalulu alikuwa wa umri wao. Aliingia katika nyumba ile akiwa mali, na aliyempokea alikuwa mtu wa nchi za Kikristo.

Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mnamo Novemba 1871, na tarehe 18 Februari 1872 wakaingia wote wawili Kwihara. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, akaahidi kumpelekea mzee wapagazi wa kuaminika. Livingstone akabaki katika tembe, peke yake na watumishi wake wachache, akingoja. Alingoja miezi mitano kamili.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini nyumba imechukua jina lake, nasi hatutaki kumnyima. Alikuwa na umri wa miaka 59, meno yamemtoka, mwili umechoka kwa homa na kuhara damu. Aliandika shajara yake, alishona nguo, alitengeneza jibini kwa ajili ya safari, aliomba. Mwaka uliotangulia, tarehe 15 Julai 1871, alikuwa sokoni Nyangwe, huko Manyema, watu wa misafara walipowafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Tarehe 1 Mei 1872, akiwa Kwihara, alimaliza barua kwa lile gazeti la Stanley akiwasihi Wamarekani wasaidie kuikomesha biashara ya watumwa ya pwani ya mashariki. Mwishoni mwa barua hiyo aliomba baraka za mbinguni zimshukie mtu yeyote, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki, atakayesaidia kuliponya donda hilo la ulimwengu. Maneno hayo yamechongwa juu ya kaburi lake London. Yaliandikwa hapa petu, ndani ya zile kuta nene, mwendo wa asubuhi moja kutoka Ng'ambo.

Angalieni hapo alipoketi alipoyaandika. Aliketi katika nyumba iliyotokana na biashara ile ile aliyoilaani. Nyumba aliazimwa na watu wa misafara. Barua zake zilipelekwa na misafara yao. Alipokuwa mgonjwa huko Manyema, wafanyabiashara wa watumwa ndio waliomlisha, naye alikiri wema wao. Hakuwa na mahali safi pa kusimama. Luther alitufundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na papo hapo ni mwenye dhambi, na mara nyingi tunalisoma fundisho hilo kana kwamba ni la chuoni tu. Kwihara unaliona kwa macho. Mtu wa Mungu anakula mkate wa uovu kwa sababu hakuna mkate mwingine mezani, na bado Mungu anaitumia kalamu yake. Hilo halikuufanya ule mkate kuwa mtakatifu. Linatuonyesha tu kwamba neema haingoji mpaka tupate nyumba isiyo na lawama.

Wapagazi 57 walifika tarehe 14 Agosti, na tarehe 25 Livingstone akaondoka. Mwanzoni mwa Mei 1873, mwaka mmoja baada ya barua ile, alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, katika kijiji cha Chitambo kilicho Zambia ya leo. Tarehe 5 Juni mwaka huo huo Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa na kukomesha kuwasafirisha baharini. Livingstone hakupata kusikia habari hiyo.

Lakini nyumba ya Kwihara ilikuwa bado na wageni wa kuwapokea, na kwetu sisi hawa ndio wakubwa kuliko wote. Watu wa Livingstone waliuzika moyo wake chini ya mti huko Chitambo, naye Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko. Kisha waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome ya mti na vitambaa, wakaubeba. Mnamo Oktoba 1873 Chuma alitangulia Kwihara na barua, akamkuta Luteni Lovett Cameron amekaa katika tembe lile lile. Cameron aliwashauri wauzike mwili papo hapo. Wakakataa. Walisema mkubwa wao atakwenda kwao.

Hawa walikuwa nani? Chuma alikuwa Myao, aliyefunguliwa nyororo za utumwa mwaka 1861, akabatizwa Bombay. Wainwright naye alikuwa Myao, aliyeokolewa utumwani akasomeshwa na wamisionari India. Susi, mwenzake Chuma katika uongozi, alitoka Shupanga kando ya Zambezi. Wakati ule aliitwa Abdallah, na alibatizwa miaka mingi baadaye. Basi mwili wa mmisionari ulipita Tabora mabegani mwa watu ambao wengine waliwahi kuwa bidhaa ya njia ile ile, na mmoja wa viongozi wao alikuwa na jina la Kiislamu. Tunaoishi Ng'ambo, mahali adhana na kengele husikika asubuhi moja, tulishike hilo.

Mbele kidogo ya Kwihara, huko Kasekera, wenyeji walikataa maiti ipite katika nchi yao. Wale wabebaji wakafanya akili. Waliufunga mwili upya ukaonekana kama mtumba wa kawaida wa vitambaa, kisha wakatengeneza mzigo mwingine wa uongo wenye umbo la maiti, wakawapa watu sita waurudishe Unyanyembe kama kwamba wanakwenda kuzika. Walipofika porini watu hao wakaufungua na kuutawanya, wakarudi kwa wenzao kwa siri. Hivyo, katika njia iliyowageuza watu kuwa mizigo, mtu mmoja alipitishwa kwa heshima akiwa amevikwa sura ya mzigo. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Hapo walilipwa ujira wao wakaambiwa kwaheri. Ni Wainwright peke yake aliyeufuata mwili hadi London na kuwa miongoni mwa walioshika jeneza siku ya maziko, tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamekwisha.

Baada ya hapo siku za tembe zilianza kuhesabika. Mtemi Isike, aliyemrithi Mkasiwa, alipigana na Wajerumani, na Januari 1893 boma lake lilipovunjwa aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani, asitekwe. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mizigo ya misafara ikapanda behewa. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, miaka 50 baada ya barua ya Kwihara. Matembe mengi ya matajiri yalirudi kuwa udongo. Hili moja lilihifadhiwa na kukarabatiwa kwa sababu ya jina la mgeni wake.

Tungeweza kumalizia hapo, kama isingekuwa mama mmoja. Miaka michache iliyopita, katika usharika tuliokuwa tukiuhudumia, tulikwenda kumpelekea Chakula cha Bwana bibi mmoja aliyekuwa amelala kitandani muda mrefu. Baada ya ibada aliwaomba wanawe watoke. Akatuambia kwamba bibi yake mzaa mama aliletwa Tabora na msafara akiwa mtoto, kutoka Manyema, na kwamba hakuwahi kumwambia mtu, wala mumewe, wala watoto wake. Wao walijua tu kwamba ukoo wa mama ni wa hapa hapa. Tulimuuliza kwa nini alificha. Akatujibu, "Ningesema nini, Mchungaji? Kwamba natoka kwenye mzigo?" Kisha akasema, "Wengine waambieni, huenda wako kama mimi. Ila jina langu liacheni."

Siku ya maziko yake historia ya marehemu ilisomwa kama desturi. Ilianzia kwa baba yake. Upande wa mama ulipewa mstari mmoja, tena usio wa kweli. Tulisimama pale na joho letu, tukanyamaza, maana tulikuwa tumeahidi. Lakini tuliona haya mbele za Mungu. Hatukumwonea haya yule mama. Tulijionea haya sisi tulio kanisa, kwa kuwa katika miaka zaidi ya 70 ya kukaa kwenye mabenchi yetu hakuona kwamba hapo ni mahali salama pa kulitaja jina la bibi yake.

Nabii Habakuki, katika sura ya pili, anamtangazia ole mtu ajengaye nyumba yake kwa mali ya dhuluma. Anasema jiwe litalia kutoka ukutani, na mti wa boriti utaliitikia. Zamani tuliyasoma maneno hayo kama mafumbo ya kishairi. Tangu siku ya maziko yale tunayasoma tukiwa na Kwihara mbele ya macho yetu. Kuta zile zinalia, nasi tumekwenda mara nyingi kupiga picha mbele yake.

Basi tufanye nini? Hatutaki kuamsha chuki, wala kuanza kuulizana nani ni mjukuu wa mtumwa na nani ni mjukuu wa aliyenunua. Katika mji wetu damu hizo zimechanganyika, hata wengi wetu tumebeba zote mbili. Lakini bado tunasikia, posa inapoletwa, wazee wakinong'ona kwamba ukoo fulani ni wa watu wa kuja. Tunasikia neno mtumwa likitumika kama tusi. Washarika, mtu aliyebatizwa katika kifo cha Kristo ameungana na yule aliyeuzwa kwa vipande 30 vya fedha. Aliyeuzwa hana aibu mbele ya Bwana huyo. Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua, na hata hiyo ameichukua msalabani, akituachia toba.

Na toba huanza nyumbani. Katika nyumba zetu wako mabinti wa kazi, wengi wao watoto waliotoka vijijini, wanaoamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, na wengine hawaujui mshahara wao. Katekisimu inasema amri ya saba inatutaka tumsaidie jirani yetu kuilinda na kuiongeza mali yake. Ujira wa binti wa kazi ni mali yake. Mtu asiyemlipa hana ruhusa ya kwenda Kwihara kumshangaa Mwarabu wa mwaka 1857.

Tunawasihi pia wazee wetu wazungumze na wajukuu wao. Anayejua alikotoka bibi yake na aseme, hata kama habari ni chungu. Na historia ya marehemu inapoandikwa, iandikwe ya kweli. Sisi wachungaji tutaisoma kwa sauti ile ile tunayosomea koo za watemi.

Sasa tumrudie binti wa kipaimara. Uliuliza mwenye nyumba ni nani. Nchi ilikuwa ya watemi, wakanyang'anywa. Kuta zilikuwa za wafanyabiashara, wakafa vitani au wakaondoka. Jina ni la mgeni aliyekaa miezi sita. Jasho lilikuwa la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, naye Bwana anayajua yote, maana yeye humwita kila mmoja kwa jina lake. Zaburi ya 127 inatukumbusha kwamba nyumba asiyoijenga yeye imejengwa bure. Hata hivyo ameiacha hii isimame, na tunadhani ameiacha ili tuulizwe maswali na watoto.

Mwaka huu tutakwenda tena Kwihara na darasa jipya. Kabla ya kuingia mlangoni tutasimama na kuwaombea waliopita pale wasiokuwa na majina. Mtu mzima yeyote wa usharika anayependa kuja anakaribishwa.